Maradhi Yakipanda Chomboni: Mwongozo kwa Manahodha na Wenye Boti za Abiria

Mwishoni mwa Januari 2024, boti moja iliyotoka Tanzania na watu wapatao 25 ilitia nanga Moroni, Komoro, ikiwa na abiria wanaohara na kutapika. Mmoja wao alikuwa ameshafariki. Februari 2 serikali ya Komoro ikatangaza mlipuko wa kipindupindu, na kabla mwaka haujaisha wagonjwa visiwani humo walikuwa wamepita 10,000. Aprili 7 mwaka huohuo, huko Lunga katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, watu wapatao 130 walijazana kwenye mashua ya uvuvi wakielekea Kisiwa cha Msumbiji. Maofisa wa mkoa walieleza kuwa wengi walikuwa wakikimbia kipindupindu baada ya kusikia uvumi. Mashua ile haikuwa na ruhusa ya kupakia abiria. Ilizama, na karibu watu 100 wakapoteza maisha.

Chombo cha kwanza kilipakia ugonjwa, cha pili kikapakia hofu. Yeyote anayeishi kwa nauli ya majini, awe na boti ya kwenda kasi, jahazi la Pemba, kivuko cha ziwani au mtumbwi wa injini, atakutana na yote mawili siku mlipuko utakapofika kwao. Makala hii inaeleza cha kufanya. Sehemu kubwa ya yaliyomo utaiona si ngeni, kwa sababu kanuni nyingi zinazozuia maradhi chomboni ndizo zilezile zinazozuia chombo kisizame.

Ugonjwa unapita wapi?

Magonjwa ya mlipuko ni mengi, lakini chomboni yana njia kuu tatu.

Njia ya kwanza ni hewa. Uviko-19 na mafua makali huenea mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuzungumza, hasa ndani ya kibanda kilichofungwa madirisha. Njia ya pili ni mdomo. Kipindupindu huingia kwa maji, chakula au mikono iliyogusa kinyesi, na dalili hutokea baada ya saa chache hadi siku tano. Njia ya tatu ni kugusana. Mpox huambukiza kwa kugusa vipele au nguo za mgonjwa. Marburg na Ebola kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili. Marburg si habari ya mbali: mkoa wa Kagera, Tanzania, ulikumbwa nayo Machi 2023, kisha tena Januari 2025. Dalili za magonjwa haya zinaweza kuchelewa hadi siku 21, kwa hiyo abiria anaweza kupanda akiwa mzima kabisa machoni pa kila mtu.

Mlipuko ukitangazwa, swali la kwanza la nahodha liwe hili: huu unapita njia gani? Barakoa haizuii kipindupindu, na ndoo ya kunawia mikono peke yake haitoshi kwa ugonjwa wa hewa.

Kabla ya kung'oa nanga

Anza na idadi. Cheti cha chombo chako kinataja abiria wangapi? Hiyo ndiyo namba ya juu katika siku za kawaida. Wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa hewa serikali inaweza kuishusha zaidi. Kenya, mwaka 2020, ilitaka magari ya abiria yapakie asilimia 60 tu ya viti vyake, na idadi ya watu katika feri za Likoni, Mombasa, nayo ikapunguzwa. Amri kama hiyo ikitoka, ondoa au funga kwa kamba viti visivyotumika. Ukiviacha wazi, vitakaliwa tu.

Pili ni orodha ya abiria. Andika jina, namba ya simu, alikopandia, anakoshukia na, kama viti vina namba, kiti alichokalia. Mtoto aandikwe, na aliyepanda bila tiketi aandikwe pia. Nakala moja ibaki nchi kavu, kwa wakala au karani wa gati, kwa sababu orodha iliyo chomboni peke yake huzama na chombo. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 20, 2018, uwezo wake ulikuwa abiria 101, nao waliokufa walikuwa 228. Wakati wa uokoaji hakuna aliyejua kwa hakika ni wangapi waliokuwa wamepanda. Orodha ambayo ingewasaidia waokoaji ndiyo ambayo maofisa wa afya huitafuta mgonjwa akithibitishwa, ili wawapigie simu waliokaa naye. Ihifadhi kwa mwezi mmoja angalau, maana dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 21. Lakini isibandikwe ukutani wala kutumwa kwenye makundi ya simu: taarifa za abiria ni siri yao.

Tatu ni mabaharia wenyewe. Baharia mwenye homa, anayehara au mwenye vipele visivyoeleweka asipande kazini. Hapa mwenye chombo ana jukumu lake: kijana anayelipwa kwa safari atauficha ugonjwa wake ikiwa kulala siku mbili nyumbani ni kulala njaa. Mlipe hizo siku. Ni ghali kidogo, lakini chombo kizima kusimamishwa ni ghali zaidi.

Nne ni sanduku la vifaa: glavu, barakoa, sabuni, klorini, ndoo mbili zenye vifuniko, mifuko migumu ya taka, paketi za ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na maji safi ya kunywa. Liwekwe mahali ambapo kila baharia anajua, na lisigeuzwe ghala la kamba na vipuri.

Foleni ya gatini nayo ni hatari

Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya marufuku ya kutoka nje usiku nchini Kenya, maelfu ya watu walisongamana Likoni wakiwahi kuvuka kabla ya saa moja jioni, na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Kanuni iliyokusudiwa kutenganisha watu ikawa imewakusanya pamoja. Kwa hiyo, saa za safari zikibadilika, watangazie abiria mapema, siku moja kabla ikiwezekana. Uza tiketi kwa simu pale inapowezekana. Chora mistari sakafuni, panga mlango wa kuingilia na wa kutokea, na waache wanaoshuka wamalizike kabla wanaopanda hawajaanza. Kwenye madiko na mialo isiyo na gati, baharia mmoja asimame ufukweni akihesabu na kuandika, wala asiache kazi hiyo kwenda kubeba mizigo.

Mkiwa njiani

Hewa ya bahari ni bure, itumie. Kunja maturubai na fungua madirisha maadamu mawimbi na mvua vinaruhusu. Boti zenye viyoyozi zifungue milango zikiwa gatini na kupitisha hewa mpya kila nafasi inapopatikana, na abiria wa ndani wavae barakoa iwapo wizara ya afya imeagiza.

Wakati wa kipindupindu, mtu asinywe maji ya pipa lisilo na kifuniko, wala kikombe kimoja kisizungushwe kwa wote. Tumia maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na chombo chenye bomba. Choo kiwe na maji na sabuni muda wote wa safari. Wauzaji wa vyakula wanaopanda na sinia zao gatini waruhusiwe tu ikiwa chakula ni cha moto na kimefunikwa.

Jaketi la kuokolea halisimamishwi na ugonjwa wowote. Abiria asiambiwe aliache kwa kuwa limevaliwa na mwingine. Lioshwe kwa sabuni ya kawaida na maji baridi, kisha likauke kivulini penye upepo. Usiliroweke kwenye klorini, kwani huozesha kitambaa na mishono, nalo likachanika siku ya shida. Vitakasa mikono vyenye spiriti vikae mbali na injini, madumu ya petroli, jiko na wavuta sigara, kwani hushika moto upesi.

Abiria akiugua

Chomboni kutapika ni jambo la kila siku, na hapo ndipo mabaharia hukosea. Aliyechafukwa na bahari hutapika, hupauka na kutoka jasho, kisha hupata nafuu maji yakitulia. Mgonjwa wa kipindupindu huhara maji mengi yanayofanana na maji yaliyooshewa mchele, mara kwa mara, mara nyingi bila homa. Macho humwingia ndani, miguu hukakamaa, na anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa maji. Uliza swali moja: “Je, unahara?” Akijibu ndiyo, usisubiri kufika. Mpe ORS mara moja, anywe kidogokidogo bila kukoma. Paketi zikiisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa visivyofurika.

Mwenye kikohozi na homa mpe barakoa, kisha umkalishe upande upepo unakoelekea, ili hewa impite yeye mwisho. Kwenye boti ya injini upepo hutoka mbele, kwa hiyo mahali pake huwa tezi, mbali na mshika usukani. Kwenye jahazi linalosukumwa na upepo wa nyuma, mahali pake ni omo. Upepo ukiwa wa ubavuni, mweke upande wa demani.

Mwenye homa kali, anayetoka damu au mwenye vipele aguswe na mtu mmoja tu, aliyevaa glavu na barakoa. Wengine watoe msaada kwa kupokezana vitu kwa mbali. Andika majina ya waliokaa karibu naye. Akifariki njiani, msimwoshe wala kumvisha sanda. Mfunikeni bila kumgusa kwa mikono mitupu, na muwaachie wataalamu wa afya. Ni jambo zito kwa ndugu zake, waelezwe kwa upole kwamba heshima ya mazishi itatimizwa nchi kavu kwa njia salama.

Kamwe mgonjwa asishushwe kwenye bandari bubu ili chombo “kibaki safi”. Huko hakuna mganga, na kijiji kizima kitakuwa kimepewa ugonjwa.

Kuchanganya klorini

Dawa nyingi za maji za kufulia nguo nyeupe zina klorini ya takriban asilimia 3.5, soma lebo. Kipimo kimoja cha dawa hiyo kwa vipimo sita vya maji safi hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, wa kufutia sakafu, viti na mahali palipotapikwa. Ufute uchafu kwanza, umwagie dawa, uiache dakika 10, kisha suuza. Kwa kunawia mikono pale ambapo hakuna sabuni, chukua kipimo kimoja cha mchanganyiko huo na uongeze vipimo tisa vya maji. Changanya upya kila siku, maana jua huua nguvu yake. Usiichanganye kamwe na siki, tindikali au dawa nyingine ya usafi: hutoa gesi ya sumu, na ndani ya kibanda cha boti hakuna pa kukimbilia.

Unapokaribia bandari

Kwa safari za nje, kama Zanzibar kwenda Komoro, Tanga kwenda Mombasa au Kigoma kwenda Bujumbura na Kalemie, Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinamtaka nahodha atoe taarifa ya mgonjwa anayeshukiwa mapema iwezekanavyo, kabla ya kufika. Unaweza kutakiwa kujaza tamko la afya ya chombo, fomu inayouliza kama kuna aliyekufa si kwa ajali, wangapi wanaumwa, na ni hatua gani mmechukua. Cheti cha usafi wa meli hudumu miezi sita. Angalia tarehe yake kabla ya kuondoka. Bendera ya manjano, ambayo wengi huidhani ni alama ya ugonjwa, maana yake leo ni kwamba chombo kina afya na kinaomba kibali cha kuingia. Usiipandishe ukiwa na mgonjwa. Tumia redio au simu, useme wazi.

Wengi huficha kwa kuogopa chombo kuzuiliwa. Kanuni hizohizo zinasema hatua za usafi zikikamilika na afisa afya wa bandari akaridhika, chombo kiachiliwe. Anayeficha ndiye anayekaa muda mrefu, na huenda akapoteza leseni. Kwa masharti ya idadi na vifaa, fuata maelekezo ya mamlaka za usafiri wa majini, yaani TASAC Tanzania Bara, ZMA Zanzibar na KMA Kenya, pamoja na ya wizara ya afya. Masharti hubadilika mlipuko unavyobadilika, kwa hiyo la mwezi uliopita lisikutoshe.

Neno la nahodha

Abiria humsikiliza nahodha kuliko bango. Usipitishe uvumi, na umati ukija mbio ufukweni ukitaka kuvushwa kwa hofu, kataa kuzidisha hata mmoja. Pakia kwa idadi, rudi uwachukue wengine. Tanzania, namba 199 hupigwa bure kwa taarifa na msaada wa afya. Iandike karibu na usukani.

Kabla ya safari ya kesho, fanya mambo matatu: hesabu viti vyako dhidi ya cheti, tafuta daftari la orodha ya abiria lenye nakala, na fungua sanduku la vifaa uone kilichomo. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, chombo chako hakijawa tayari kwa mlipuko, wala hakijawa tayari kwa safari.