WACHUNGAJI WA MILIMA YA UYUNANI

Upande wa kaskazini magharibi wa nchi ya Uyunani, ambayo wengine huiita Ugiriki, iko milima ya Zagori. Mwaka 1954 John Campbell, mtu wa elimu kutoka Oxford katika Uingereza, alikwenda huko kuchunguza maisha ya watu waitwao Sarakatsani.

Watu hao walikuwa wachungaji wa kondoo na mbuzi. Wakati wa joto walilisha milimani. Baridi ilipokaribia walishuka na jamaa zao mpaka nchi tambarare, maana theluji hufunika malisho yote.

Campbell alikaa kati yao, akasikiliza na kutazama. Akaona ya kuwa kila mtu aliwagawanya watu mafungu mawili: ndugu na wageni. Ndugu wa baba na wa mama waliaminiwa. Mgeni hakuaminiwa, maana malisho yalikuwa haba. Kondoo wa mwenzio wakishiba, huenda wako wakalala na njaa. Tena heshima ya nyumba ilikuwa kama mali: mmoja akitukanwa, wote wametukanwa.

Lakini mtu awezaje kuishi pasipo rafiki ila ndugu zake? Hapo dini yao, ya Kanisa la Orthodoksi, iliwapa njia. Mtoto alipobatizwa alitafutiwa msimamizi asiye wa ukoo wake. Tangu siku ile msimamizi na wazazi wa mtoto walikuwa ndugu kwa roho, wala haikufaa wagombane. Kwa hiyo mchungaji maskini aliweza kumwomba mtu mwenye cheo amsimamie mwanawe. Na siku ya shida alikuwa na mtu wa kumsemea.

Mwaka 1964 Campbell alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Siku hizi wengi wa Sarakatsani wamekwisha kukaa mahali pamoja, wala hawahami tena na makundi.

Basi, desturi ya watu ikitazamwa kwa mbali yaweza kuonekana kuwa ukali mtupu. Ukaapo nao, ndipo uonapo sababu yake. Kwa Kiyunani, kama kwa Kiswahili, neno moja latumika kwa mtu usiyemjua na kwa yule umkaribishaye nyumbani: mgeni.

Maswali
1. Kwa nini wachungaji walihama kila mwaka?
2. Kwa nini hawakuwaamini wageni?
3. Ubatizo ulimfanyaje mgeni kuwa ndugu?