Shule za Bweni za Watoto wa Vijijini: Tujifunze Kutoka India



Katika vikundi vya wazazi kuna swali linalorudi kila mara: "Huyu mtoto nimpeleke bweni ama akae nyumbani?" Mmoja atasema bweni linafundisha nidhamu. Mwingine atasema bweni linapoteza watoto. Tunabishana mpaka jua linatua, na saa zingine hatujaangalia hata shule moja kwa makini tukauliza: mtoto anaamka saa ngapi, anakula nini, anafundishwa nini, na akiwa na huzuni anamwendea nani?

Katika somo hili tutaangalia shule za bweni za aina moja huko India, ziitwazo Jawahar Navodaya Vidyalaya. Hizi ni shule za serikali zilizowekwa kwa ajili ya watoto wa vijijini, si za matajiri. Mema tunayoyatarajia kutoka kwa bweni yamo ndani yake, na yale tunayoyaogopa pia yamo.

ZILIANZAJE?

Kwa miaka mingi shule nzuri za bweni huko India zilikuwa za watu wenye pesa. Mojawapo inayojulikana sana ni Doon School katika mji wa Dehradun, iliyofunguliwa mwaka 1935. Rajiv Gandhi, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1984 hadi 1989, alisoma hapo.

Serikali yake ilitoa sera mpya ya elimu mwaka 1986. Wazo moja katika sera hiyo lilikuwa hili: mtoto mwenye kipaji anaweza kuzaliwa katika kijiji chochote, lakini shule ya kukikuza kipaji chake haipo karibu na kwao. Basi serikali ijenge shule ya bweni katika kila wilaya na kulipia gharama. Shule mbili za kwanza za majaribio zilianza katika mwaka wa masomo wa 1985-86, moja Jhajjar katika jimbo la Haryana na nyingine Amravati katika jimbo la Maharashtra. Siku hizi zimepita 600. Jimbo moja kubwa, Tamil Nadu, liliukataa mpango huu kwa sababu halikutaka watoto wake walazimishwe kusoma Kihindi.

Jina "Navodaya" maana yake ni mapambazuko mapya, na "Vidyalaya" ni shule. "Jawahar" ni kumbukumbu ya Jawaharlal Nehru, Waziri Mkuu wa kwanza wa India.

MTOTO ANAINGIAJE?

Mtoto hufanya mtihani akiwa Darasa la Tano, ili aingie Darasa la Sita. Mtihani huchukua saa mbili na una sehemu tatu: kupima akili kwa michoro na mafumbo, hesabu, na lugha. Mtoto huufanya kwa lugha anayosomea kwao, kwa hivyo mtoto wa kijijini hafungiwi mlango kwa sababu hajui Kiingereza. Lakini mtihani huu hufanywa mara moja tu. Akikosa, hapati nafasi ya pili ya kuingia Darasa la Sita.

Kila shule huchukua watoto wasiozidi 80 kwa mwaka. Angalau asilimia 75 ya nafasi ni za watoto wa vijijini, na angalau thuluthi moja ni za wasichana. Ziko pia nafasi zilizotengwa kwa watoto wa Dalit, yaani watu wa tabaka zilizodharauliwa tangu zamani, na kwa watoto wa jamii za asili wanaoitwa Adivasi.

Malazi, chakula, sare na vitabu ni bure. Kuanzia Darasa la Tisa baadhi ya wazazi hutoa mchango wa kila mwezi, lakini wasichana, watoto wa Dalit na Adivasi, na watoto wa familia maskini kabisa hawatozwi.

SIKU MOJA SHULENI

Ratiba hutofautiana kidogo kati ya shule na shule, na wakati wa baridi si sawa na wakati wa joto. Lakini kwa kawaida siku huenda hivi.

Kengele hulia kama saa kumi na moja alfajiri. Watoto huamka, hunawa, halafu hutoka uwanjani kwa mazoezi ya mwili. Baadaye huoga, hupanga vitanda, hufagia na kupata kiamsha kinywa. Kisha wote hukusanyika kwa paredi ya asubuhi, ambapo huimba, husoma habari za siku, na mmoja wao husimama kuzungumza mbele ya wenzake. Kwa mtoto wa kijijini mwenye haya, kusimama hapo ni somo kubwa.

Vipindi huendelea hadi mchana. Baada ya chakula kuna mapumziko mafupi, kisha masomo ya ziada kwa walio nyuma. Jioni ni michezo: voliboli, kabaddi, kho-kho, riadha. Giza likiingia watoto hurudi kwa masomo ya jioni, yale sisi tunaita prepu, mwalimu akiwa hapo. Hula chakula cha usiku, na kama saa nne taa huzimwa. Chakula ni cha kawaida cha nchi ile: chapati, wali, dengu na mboga.

Watoto hugawanywa katika nyumba nne zenye majina ya milima na vilima vya India: Aravali, Nilgiri, Shivalik na Udaigiri. Kila nyumba ina mwalimu msimamizi. Walimu huishi ndani ya uwanja wa shule pamoja na familia zao.

Tusipite hapa haraka. Huko India ziko sehemu ambapo mtu wa tabaka la juu hakukubali kula na Dalit wala kunywa maji kwa chombo alichogusa. Katiba ya mwaka 1950 ilipiga marufuku ubaguzi huo, lakini sheria haibadilishi mioyo siku moja. Sasa mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua wake wanalala chumba kimoja, wanavaa sare moja na kupanga foleni moja ya chakula kwa miaka saba. Hilo ni fundisho ambalo haliko katika kitabu chochote cha darasani.

MASOMO YENYEWE

Shule hizi hufuata silabasi ya bodi ya kitaifa iitwayo CBSE, na mitihani mikubwa hufanywa Darasa la Kumi na Darasa la Kumi na Mbili. Matokeo yao huwa mazuri, na wengi huendelea hadi vyuo vya uhandisi, udaktari, ualimu na kazi za serikali.

Jambo la kuiga ni jinsi wanavyoishughulikia lugha. Mtoto hatupwi katika Kiingereza siku ya kwanza. Katika madarasa ya kwanza hufundishwa kwa lugha yake au lugha ya jimbo lake, huku akijifunza Kihindi na Kiingereza kama masomo. Kuanzia Darasa la Tisa hesabu na sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na masomo ya jamii kwa Kihindi. Kwa hivyo anapata karibu miaka mitatu ya kujitayarisha kabla ya kuvuka.

KUBADILISHANA WATOTO

Kuna jambo jingine ambalo ni nadra katika shule nyingine. Mtoto akifika Darasa la Tisa anaweza kuhamishwa kwa mwaka mmoja. Asilimia 30 hivi ya darasa hilo katika wilaya inayozungumza Kihindi hupelekwa shule ya wilaya isiyozungumza Kihindi, na idadi kama hiyo hutoka huko kuja huku. Nia ni kwamba vijana wa India, nchi yenye lugha nyingi na dini nyingi, wajuane wakiwa bado wadogo, wasije wakaogopana wakiwa wakubwa.

Fikiria, mzazi mwenzangu. Kijana wa miaka kumi na minne anasafiri kwa garimoshi pengine siku mbili. Anafika mahali ambapo chakula ni kingine, mvua ni nyingine, na hata mzaha wa wenzake haelewi. Miezi ya kwanza ni migumu. Lakini mwaka ukiisha, atakuwa na rafiki katika jimbo ambalo baba yake hajawahi kulikanyaga.

UPANDE WENYE UCHUNGU

Sasa tuseme na yale mengine, maana somo lisiloeleza upande wa pili si somo.

Kwanza, mtihani wa mara moja umezaa biashara. Katika wilaya nyingi kuna masomo ya kulipia ya kumwandaa mtoto kwa mtihani huo. Mwenye pesa kidogo kijijini humtangulia asiye na kitu, na nafasi iliyokusudiwa maskini inaweza kuchukuliwa na mwenye nafuu.

Pili, na hili ni zito zaidi. Mwezi Desemba 2018 gazeti la Indian Express liliandika kwamba wanafunzi 49 wa shule hizi walijitoa uhai kati ya mwaka 2013 na 2017. Karibu nusu yao walikuwa watoto wa Dalit na Adivasi. Mambo yaliyotajwa ni upweke, matatizo ya nyumbani, shinikizo la masomo, adhabu na kuaibishwa na walimu, na ugomvi na marafiki. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza, na hoja ya kuajiri washauri nasaha waliosomea kazi hiyo ikapewa uzito.

Tujiulize, ilikosekana nini? Kengele ilikuwepo, chakula kilikuwepo, walimu walikuwepo hapo hapo uwanjani. Lakini yule mwalimu msimamizi wa nyumba alikuwa pia na vipindi vyake, madaftari ya kusahihisha na prepu ya kusimamia. Mtu aliyechoka namna hiyo atahesabu vitanda usiku aone vyote vina watoto. Kumtambua mtoto ambaye siku tatu hajazungumza na mtu ni kazi nyingine, na inahitaji mtu aliyefundishwa na mwenye nafasi.

Pia mtoto aliyetoka familia ya kwanza kusoma hubeba mzigo mkubwa. Kijiji kizima kinamtazama. Akiona ameanguka hesabu, anaona amewaangusha wote, na hajui atamwambia nani.

TUNAJIFUNZA NINI?

Shule hizi zinatuonyesha kwamba mtoto maskini akipewa chakula, kitabu, mwalimu na muda wa kusoma, anaweza kufika mbali kama mtoto wa tajiri. Hilo halina ubishi tena. Lakini zinatuonyesha pia kwamba ratiba nzuri haichukui nafasi ya mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina na kwa tabia. Bweni lisilo na mtu kama huyo litampa mtoto alama nzuri, lakini siku ya shida litamwacha peke yake.

Kwa hivyo tukienda kuangalia shule ya bweni, tusitosheke na kuuliza karo na wastani wa mtihani. Tuulize nani analala karibu na watoto, ana watoto wangapi chini yake, na mtoto akitaka kuongea na mzazi wake anafanyaje. Mtoto akija nyumbani wakati wa likizo, tusianze na ripoti. Tuanze na chai, tumuulize marafiki zake ni akina nani. Mtoto ambaye hana jina la kutaja anahitaji kuangaliwa kwa makini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, ni haki mtoto kupimwa mara moja tu kwa nafasi kubwa kama hii? Ni njia gani nyingine ingefaa?

2. Kama shule ingetaka kumpeleka mtoto wako mwaka mmoja kwa watu wa lugha nyingine, ungekubali? Toa sababu.

3. Mtoto wako akiwa na shida shuleni, ni nani ambaye angemwambia kwanza? Kama hujui, utajuaje kabla ya muhula ujao?

4. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini pamoja na shule iliyo karibu ili kila mtoto wa bweni awe na mtu mzima wa kumwendea?