Somo la Gobori: Badili Jambo Moja

Magobori mengi ya zamani hayakuwa na mifereji ndani ya mtutu. Risasi, mviringo kama gololi, iligonga huku na huku ikaenda kombo. Yenye mifereji hulenga vizuri zaidi: risasi ndogo kidogo kuliko mtutu huvikwa kitambaa cha pamba chenye mafuta. Kitambaa hushika mifereji, na risasi hutoka ikizunguka.

Mlengaji hodari hakisii. Hupima baruti kwa kikombe kile kile, hupiga mara tano, huangalia kama matundu yamekaribiana. Kisha hubadili jambo moja tu: baruti, au unene wa kitambaa. Akibadili yote pamoja, hatajua lililomfaa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na bunduki bila kibali ni kosa. Wanyama wa mbuga ya Ruma wakivamia shamba, waarifu askari wa wanyamapori.

Lakini kanuni hiyo ichukue. Kayongo ikinyonya mahindi yako, iwe Migori au Homa Bay, pima vipande viwili sawa: kimoja panda desmodiamu kati ya mistari, kingine usipande. Mbegu, mbolea na siku ya kupanda zisitofautiane. Hesabu madebe, uandike.

Swali: Kwa nini tusibadili mbegu pia?