Dondoo muhimu: Ukienda Nyeri

Nyeri iko kati ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, takriban kilomita 150 kutoka Nairobi. Beba sweta nzito, hasa Juni hadi Agosti. Masika yakianza, barabara za udongo huteleza vibaya.

Mjini, lione kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki mwaka 1941.

Lakini kiini cha Nyeri ni misitu yake. Humo wapiganaji wa Mau Mau waliishi kwa miaka wakiwindwa na wakoloni, na katika kaunti hii ndiko kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikokamatwa Oktoba 1956. Vijijini, tafuta wazee waliokulia enzi hizo. Simulizi zao zinazidi kibao chochote cha makumbusho. Wasalimie kwanza, keti, usikilize bila haraka, wala usipige picha kabla ya kuruhusiwa. Pitia pia Ihithe, alikozaliwa Wangari Maathai, mshindi wa Nobeli ya Amani ya 2004.

Ukitaka kuingia Hifadhi ya Aberdare, lipa kiingilio mapema kwa mtandao na ukodi gari lililoinuka. Ndovu na nyati wamejaa humo: usishuke ovyo.