Net ya waya yasoma 18, ya waifai yasoma 4: ipi ni ya kweli, na pesa yako iko wapi?

Msimu wa mavuno uliopita tulipokea simu mbili siku moja, kutoka kwa watu wawili waliokuwa wakibishana wao kwa wao. Wa kwanza alikuwa mama mwenye duka la nafaka mjini Bungoma. Alikuwa amenunua magunia 12 ya mahindi kwa mzee mmoja mfanyabiashara wa Kitale, akafungua apu yetu kwa waifai ya dukani ili amtumie shilingi 36,000. Akaweka PIN. Kale kaduara kakaanza kuzunguka, kakazunguka, mwishowe skrini ikasema muunganisho umekatika. Akangoja kidogo, akatuma tena. Mara ya pili ikakubali. Jioni alipoangalia salio, akakuta shilingi 72,000 zimetoka, bila kuhesabu ada.

Kwa hasira akapima kasi ya intaneti kwa simu: 4 Mbps, na yeye hulipia 20. Akampigia mzee. Mzee naye ana kifurushi hichohicho cha 20, kutoka kampuni ileile ya intaneti. Akapima kwenye kompyuta yake iliyochomekwa waya, akapata 18, akapiga picha skrini na kumtumia: "Mama, net iko sawa kabisa. Labda ni hao watu wa pesa."

Hao watu wa pesa ni sisi. Tukakaa na wote wawili kwenye simu, na kwa kuwa maswali kama yao hutujia kila mara, tumeona tuyaandike hapa.

Jambo la kwanza: hakuna kipimo kilichodanganya. Kila mmoja alipima njia yake. La pili, ambalo tutalifikia, ni kwamba hakuna kati ya vipimo hivyo viwili kilichohusika moja kwa moja na zile 36,000 za pili.

Kipimo kinapima njia nzima

Ukibonyeza kitufe cha kuanza, programu ya kupima hutafuta seva, kisha huvuta na kusukuma data nyingi iwezekanavyo kwa sekunde kadhaa, ikihesabu kilichopita. Namba unayoona ni ya mahali pembamba zaidi katika njia yote: kutoka kifaa chako hadi ruta, ruta hadi kampuni ya intaneti, na kutoka hapo hadi kwenye seva. Chukulia lori linalotoa mahindi shambani. Lami ya Kitale kwenda Webuye inaweza kuwa safi, lakini kama limezama kwenye tope kabla ya kufika barabarani, dereva atakwambia safari ni mbaya.

Waya kutoka ruta hadi kompyuta huondoa lile tope la mwanzo. Ndiyo maana kipimo cha waya hukaribia kile unacholipia. Cha waifai hukuonyesha pia hali ya hewa iliyo kati ya simu yako na ruta, na mara nyingi hapo ndipo penye shida.

Kabla hatujaendelea, angalia herufi. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na biti 8 ndizo hufanya baiti 1. Kifurushi cha 20 Mbps huleta kama megabaiti 2.5 kila sekunde, hata kikifanya kazi bila kasoro. Ugomvi mwingi na kampuni za intaneti unatokana na hiyo 8 tu.

Hewani kuna foleni

Kwenye waya wa kawaida wa siku hizi, kompyuta na ruta zinaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwenye waifai ni kama baraza la wazee: anaongea mmoja, wengine wananyamaza. Kila kipande cha data kikifika lazima aliyepokea ajibu "nimepata", na kisiposikika kinarudiwa. Muda mwingi unaishia kwenye kungojana na kurudia. Simu nyingi za bei nafuu, zikiwa kwenye masafa ya 2.4 GHz, zitakuonyesha zimeunganishwa kwa 72 Mbps, ila data yenyewe inayopita, hata ukiwa umesimama kando ya ruta, ni kama 40 hadi 50. Ukisogea mbali inashuka haraka.

Halafu baraza lenyewe ni la mtaa mzima. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ukiwa kwenye jengo la maduka katikati ya mji wa Kitale, ambapo kila mlango una ruta yake, basi ruta yako inangoja zamu pamoja na za majirani. Na simu moja ya zamani iliyo mbali, inayoongea polepole, inawachelewesha wote walio kwenye ruta hiyo, kwa sababu zamu yake huchukua muda mrefu. Masafa ya 5 GHz yana nafasi zaidi na huenda kasi, ila hayapiti ukuta vizuri.

Sasa turudi kwenye duka la mama. Ruta yake ilikuwa sakafuni, kwenye kona ya nyuma, na mbele yake magunia yamepangwa hadi karibu na dari. Maji hunyonya mawimbi ya waifai, na mahindi yana maji. Hata yakikaushwa hadi asilimia 13.5, kiwango ambacho Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao hutaka, bado unyevu umo ndani, na gunia ni kilo 90. Safu nne za magunia ni ukuta hasa. Yeye naye hukaa kwenye kaunta nyuma ya wavu wa chuma, ule wenye matundu madogo unaowekwa kwa sababu ya wezi. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na wavu wenye matundu madogo sana kuliko hapo hurudisha sehemu kubwa ya wimbi lilikotoka. Mawakala wetu wengi wanakaa ndani ya vizimba vya namna hii kutwa nzima, kisha wanatuuliza mbona apu inasuasua.

Wakati mwingine waya ndio unashindwa

Usitoke hapa ukiapa kwa waya. Ruta nyingi za bei rahisi zina mlango wa waya ambao mwisho wake ni 100 Mbps, na ukipima utaona 94 au karibu na hapo. Mtu mwenye kifurushi cha 200 anaweza kupata zaidi kwa waifai ya 5 GHz. Waya uliokanyagwa, au kichwa chake kimevunjika kile kiulimi cha kukishika, unaweza kuishusha kasi hadi 10. Pia waya huu haukuundwa kuzidi mita 100, kwa hivyo ule unaovutwa kutoka plot moja kupitia miti hadi plot nyingine tunauogopa.

Na kuna hili: kama ruta yako inatumia laini ya simu, au imeunganishwa na kisahani juu ya paa (wapo wengi siku hizi, hasa tangu Starlink ianze huduma Kenya Julai 2023), waya wako unaishia kwenye ruta. Safari iliyobaki bado ni ya hewani.

Ukitaka kulinganisha kwa haki, badilisha kitu kimoja tu. Mama alipima kwa simu, mzee kwa kompyuta, mmoja Bungoma, mwingine Kitale, saa tofauti. Hapo huwezi kujua kosa ni la nini. Chukua laptopu moja, pima kwa waya, kisha chomoa waya, pima kwa waifai ukiwa palepale. Wanaotazama video wapumzike kwanza. Rudia mara 3. Hakikisha seva ni ileile: ukiwa Bungoma usishangae programu ikikuchagulia Kampala mara moja na Nairobi mara nyingine, kwani ukipima moja kwa moja kwenye ramani, Kampala ndiyo iliyo karibu. Na usiangalie kasi peke yake. Angalia pingi, yaani milisekunde ambazo ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi. Ikiwa 30, kisha 400, kisha 35, muunganisho wako unayumba, hata kasi ikionekana nzuri.

Zile 36,000 za pili

Tunakuja kwa pesa. Ombi la malipo kwenye apu ni dogo sana, ni kilobaiti chache. 4 Mbps za mama zilitosha na kubaki. Kilichomponza ni kuyumba. Tulipofungua rekodi zetu tuliona maombi mawili, yamepishana dakika 3. La kwanza lilitufikia, PIN ilikuwa sahihi, tukahamisha pesa, tukatuma jibu. Jibu ndilo lililopotelea hewani, pengine kati ya ruta na yale magunia. Skrini iliposema muunganisho umekatika ilisema kweli: ilikuwa imekatwa na jibu. Haikusema malipo hayajafanyika. Yeye alielewa hivyo, na hatumlaumu, maneno yale yangeandikwa vizuri zaidi. Hilo ni letu.

Na kwetu ombi la pili lilikuwa halali kama la kwanza. Wapo watu wengi wanaotuma kiasi kilekile kwa namba ileile mara mbili kwa makusudi.

Kwa hivyo apu ikikwama baada ya kuweka PIN, usitume tena. Toka kwenye waifai, piga ile menyu ya nyota na hashi, uangalie salio au taarifa fupi. Menyu hiyo haipiti kwenye intaneti kabisa, inatumia mtandao wa simu, kwenye njia ya ishara inayofanana na ya meseji. Waifai iwe 4 au 400, haiihusu. Kinyume chake pia ni kweli: unaweza kuwa na waifai nzuri, malipo yakapita, na meseji ya uthibitisho ikachelewa kwa sababu mtandao wa simu hapo ni dhaifu. Kutoiona meseji si ushahidi kwamba pesa haijaenda. Na wewe unayepokea, meseji ya kuonyeshwa kwenye simu ya mwenzako au picha yake si pesa. Angalia salio lako mwenyewe kabla gunia halijapanda lori.

Bahati ya mama ni kwamba pesa zilifika kwa mtu anayemjua. Mzee aliangalia salio lake, akakubali kuna 36,000 zilizozidi, wakaelewana apakie magunia mengine 12 wiki iliyofuata. Angekuwa amelipa mgeni aliyezima simu, tungekuwa tunaandika makala tofauti.

Ruta ya dukani sasa imetundikwa ukutani, juu ya magunia, upande wa kaunta. Alipopima tena kwa simu ileile alipata 15. Mzee wa Kitale alitumiwa picha, akajibu kwamba yake bado ni 18.