SOMO LA AFYA: KUPIMA MAGONJWA MLANGONI MWA GEREZA



Mwaka jana baba mdogo alifungwa siku kumi na moja katika kasho moja ya upande wetu, kwa deni la mbuzi. Chumba kidogo kama jiko la mama, watu kumi na tisa ndani, dirisha hakuna. Mmoja wao alikohoa usiku kucha. Wenzake walimwambia tu ageukie ukuta. Deni likalipwa, baba mdogo akarudi. Kisha miezi mitatu naye akaanza kukohoa, halafu mtoto wake wa miaka tisa. Hospitalini wakapimwa: kifua kikuu, wote wawili. Njo sababu kapita wenu ameacha vitabu vya egzamini ya Serikali usiku huu na kuandika somo hili.

Mikrobu ya kifua kikuu ilitangazwa na daktari Mjerumani, Robert Koch, tarehe 24 Machi 1882. Inapita hewani mtu akikohoa, hata akiimba. Sasa fikiri juu ya gereza la Munzenze, kule Goma, ambapo miaka mingi watu wa Masisi na Walikale walipelekwa. Lilijengwa kwa watu 350 hivi. Mwanzoni mwa 2025 walikuwamo zaidi ya 4,000. Pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote.

Wengine watasema: ukuta ni mrefu, ugonjwa utabaki humo ndani. Hapana. Askari analala kwake, mke analeta chakula, mfungwa anatoka. Tarehe 27 Januari 2025, vita ilipoingia Goma, maelfu walitoka Munzenze siku moja tu. Mtu aliyekuwa katikati ya dawa, nani angemwandika?

Basi, tupime namna gani? Kwanza mlangoni. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa kwa jina la Mandela, zinataka kila mfungwa aonwe na mganga mapema baada ya kuingia. Maswali manne hayana bei: Unakohoa? Una homa? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Akijibu ndiyo hata kwa moja, achukuliwe makohozi. (Makohozi, si mate! Mate hayafai kwa kipimo hiki.)

Mikroskopi inahitaji mikrobu mingi, kama 5,000 ao zaidi katika mililita moja, kabla muuguzi hajaiona. Kwa hiyo kuambiwa "hakuna kitu" si kusema mtu ni mzima. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na OMS mwaka 2010, inaona hata mia moja na kitu, tena kwa muda wa saa mbili, na inaonyesha kama dawa ya rifampisini itashindwa. Lakini inataka umeme, na kwetu umeme tunaujua. Hapo makohozi yasafirishwe kwa pikipiki mpaka penye mashine, ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na jina limeandikwa. Jina likikosewa, kazi yote ni bure.

Kipindupindu ni hadithi nyingine. Huko usisubiri kupima kila mtu, maana mgonjwa anaweza kufa kwa saa chache. Pima choo cha wagonjwa wa kwanza. Bila kungoja laboratwari, kila mwenye kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari mara moja, na maji ya gereza yatiwe klori. Korona nayo ilidai njia yake: mwaka 2020, katika gereza la kijeshi la Ndolo, Kinshasa, walipimwa hata wasiougua, wakapatikana zaidi ya watu 100 wenye virusi.

Shida kubwa naiona ni haya. Mfungwa anaogopa kusema anakohoa, eti atatupwa peke yake bila chakula. Akitengwa, apelekewe chakula na dawa, tena aambiwe siku ya kurudi. Vinginevyo atameza kikohozi chake, na kipimo kitadanganywa.

Baba mdogo alimeza dawa miezi sita, bila kulipa, maana dawa za kifua kikuu ni za bure. Mtoto naye amepona, yuko tena darasani. Lakini yule aliyegeukia ukuta, hatujui kama alipimwa. Nilimwuliza baba mdogo jina lake. Hakulijua.