Kubadili Maji ya Tangi la Samaki

Samaki wanaofugwa katika tangi la kioo hula na kutoa kinyesi humo humo. Kinyesi na mabaki ya chakula huoza na kuyatia maji sumu. Tutaondoaje maji machafu bila kuliinamisha tangi?

Vifaa: tangi la samaki, mpira wa maji wa mita 2, ndoo.

Jaribio

1. Weka tangi mezani na ndoo sakafuni.
2. Jaza mpira maji safi mpaka hewa yote itoke. Ziba ncha zote mbili kwa vidole. Usivute maji kwa mdomo, kwani yana vijidudu.
3. Zamisha ncha moja tangini, mbali na samaki, uiachie. Shusha ncha ya pili ndooni, nayo uiachie. Unaona nini?
4. Robo ya maji ikitoka, inua ncha ya ndooni juu kupita uso wa maji ya tangi. Sasa unaona nini?

Maelezo

Maji ya upande mrefu wa mpira ni mazito kuliko ya upande mfupi, kwa hiyo hushuka. Hewa inayokandamiza uso wa maji tangini husukuma maji mengine yapande mpirani. Ncha ikiinuliwa, maji hukoma kutoka.

Jazia tangi maji safi. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima katika chombo kilicho wazi, kwani klorini huua samaki.

Maswali

1. Kwa nini ndoo huwekwa chini ya tangi?
2. Hewa ikiingia mpirani, kutatokea nini?